Tope la biogesi kwenye hori la maksai: ninavyolisha, na ninapokataa kulisha

Maksai wangu mmoja anaitwa Kiburi. Jina hilo alilipata siku ya kwanza nilipomwekea tope la biogesi lililochanganywa na pumba. Alisogea, akanusa, akapiga chafya, kisha akalisukuma hori kwa pua mpaka likapinduka. Wenzake watano wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, na siku hiyo hakuna aliyetia kitu kinywani. Ndoo ile moja ilikuwa na makosa manne ndani yake, na kila moja nitalitaja mahali pake.

Kazi yangu ni kunenepesha. Nachukua maksai wa kilo 250 hadi 300, nakaa nao miezi mitatu au minne, wanaondoka, wanakuja wengine. Kiburi peke yake ndiye aliyepitisha muda wake, kwa sababu ambazo si za kibiashara. Nyuma ya zizi upo mtambo wa biogesi, unaogeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia: ni kuba la mita za ujazo 12, limefukiwa ardhini. Kila asubuhi unakula kilo 60 za kinyesi zilizokorogwa na lita 60 za maji, na kiasi kinachokaribia hicho husukumwa nje upande wa pili kikiwa tope jeusi. Hilo tope ndilo watu wanaloniulizia: si lina protini? Kwa nini lisirudi horini?

Linaweza kurudi, ila kwa masharti, kwa kiasi kidogo kuliko unavyotarajia, na kwa baadhi ya ng'ombe tu. Tena kuna mitambo ambayo tope lake halifai hata kusogezwa karibu na hori. Kama wako ni mmojawapo utajua kabla hujafika katikati ya maelezo haya, nami nitafurahi ukiishia hapo.

Kilichobaki humo

Tope hili limeshaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ng'ombe mwenyewe alichukua alichoweza: wanga, sukari, protini nyingi, na nyuzinyuzi laini. Mara ya pili bakteria wa mtamboni walikaa na masalia hayo wiki kadhaa, wakageuza kilichokuwa kinageuzika kuwa methani na kaboni dioksidi. Anayekuja wa tatu anakuta lignini, yaani ule ugumu wa mti ulio ndani ya majani. Anakuta madini, miili ya bakteria wenyewe, na nitrojeni. Nitrojeni haitoki na gesi ya kupikia, kwa hiyo karibu yote iliyoingia hutokea upande wa pili. Na kwa kuwa vingine vimepungua, sehemu yake kwenye kila kilo kavu huongezeka.

Ndiyo maana ukipeleka tope maabara unarudishiwa karatasi ya kukufurahisha. Maabara hupima nitrojeni, huizidisha kwa 6.25, jibu huliita protini ghafi. Haiulizi nitrojeni hiyo imekaa wapi. Kwenye tope la biogesi sehemu kubwa ni amonia iliyoyeyuka kwenye maji. Nguruwe na kuku hawana la kufanya nayo. Ng'ombe anaweza, kwa sababu bakteria wa rumeni, lile tumbo lake kubwa la kwanza, huichukua amonia wakajijengea miili, naye baadaye akawameng'enya wao. Lakini bakteria hao wanahitaji sukari au wanga saa ileile. Wasipopata, amonia inapenya ukuta wa rumeni, inaingia kwenye damu, ini linahangaika kuigeuza urea, na urea inatoka na mkojo. Hapo umemlisha ng'ombe ili akojoe mbolea, na nguvu ya kufanya hivyo umemtoza yeye.

Utasikia pia habari ya vitamini B12. Ni kweli vijidudu vya methani huitengeneza. Ila ng'ombe mwenye kobalti ya kutosha kwenye madini yake anajitengenezea B12 tumboni, kwa hiyo sifa hiyo waachie wafuga nguruwe. Maya Farms ya Ufilipino, ambao miaka ya 1970 walikuwa wakirudisha yabisi ya tope kwenye chakula cha mifugo yao, walikuwa hasa wafuga nguruwe. Kwa ng'ombe wa nyama jambo hili lilijaribiwa pia Clay Center, Nebraska, Marekani, kwenye mtambo uliokuwa ukichachusha kinyesi cha maksai kwa joto la nyuzi 55. Shika hiyo nyuzi 55, nitairudia.

Mlo unaanzia kwenye mdomo wa mtambo

Hapa ndipo ninapomchosha kila anayenijia, lakini sioni pa kufupisha. Unachomimina asubuhi kwenye tangi la kuchanganyia ndicho utakachomlisha ng'ombe miezi kadhaa baadaye. Mtambo ni jiko la gesi. Usiutegemee kusafisha uchafu.

Choo. Kama choo cha watu kimeunganishwa na mtambo, maelezo haya yameishia hapa kwako. Mayai ya tegu hutoka kwa binadamu, ng'ombe akiyala viluwiluwi vinajificha kwenye misuli yake, na anayekula nyama hiyo haijaiva vizuri anapata tegu mwenyewe. Mayai hayo ni magumu. Joto la mtambo wa kawaida halikuhakikishii kuwa yamekufa. Jamaa mmoja alinihakikishia choo chake "kinaingia kidogo tu". Nilimwambia hata yai la tegu ni dogo tu.

Damu, utumbo, mifupa, mabaki ya meza yenye nyama. Hapana, na sababu yake dunia nzima iliiona. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulisambaa kwa kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa. Uingereza ilipiga marufuku protini ya wanyama wanaocheua kwenye chakula cha wanyama wanaocheua mwaka 1988, Marekani ikaweka marufuku yake mwaka 1997. Kinachosababisha ugonjwa huo ni protini iliyojikunja vibaya, si bakteria wala kirusi, na joto halikisumbui sana. Mtambo uliowahi kupewa masalia ya machinjio, mimi siuhesabu kuwa safi hata ukikaa mwaka bila kupewa tena.

Mizoga. Hii huja bila kualikwa: panya anatumbukia kwenye tangi la kutokea, kuku anapotea. Kwenye mzoga uliozama pasipo hewa ndipo sumu ya botulini inapotengenezwa, na kiasi kidogo tu kinatosha kumlaza fahali chini asiamke. Weka wavu juu ya matangi yote mawili. Ukiukuta mzoga, tope la siku hizo lipeleke shimoni.

Kinyesi cha kuku na nguruwe kina mambo mawili: dawa na shaba. Chakula chao mara nyingi huwekwa vyote viwili, na shaba haigeuki gesi. Inabaki kwenye tope na kujikusanya. Ng'ombe anavumilia shaba kuliko kondoo, lakini mimi sioni sababu ya kubahatisha. (Kondoo wasipewe tope hili kabisa. Ini la kondoo halijui kuitoa shaba.) Hata ng'ombe wako ukiwadunga antibiotiki, kinyesi cha siku za dawa kitupe kando, kinaua pia bakteria wanaokupikia gesi.

Mwisho, magonjwa ya zizini. Mbegu za kimeta na chambavu hulala kwenye udongo na kinyesi miaka, na mtambo hauziamshi wala hauziui. Ugonjwa wa Johne, ule wa kuhara na kukonda usiopona, nao husambaa kwa kinyesi. Ndiyo maana mimi humimina kinyesi cha maksai wangu sita peke yao, sikusanyi cha majirani hata mtambo ukilala njaa, na siku mmoja akionekana mgonjwa tope lote linakwenda shambani mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo.

Sasa zile nyuzi 55. Mitambo mingi ya shambani huchachusha kwa nyuzi 35 au chini yake. Kuba lililofukiwa ardhini, kama langu, linafuata joto la udongo. Hapo vimelea vinapungua lakini haviishi. Nyuzi 55 zinapunguza zaidi. Viwanda vinavyotaka uhakika hupasha joto la nyuzi 70 kwa saa nzima, na hata hapo mbegu za aina ya kimeta hubaki. Kwa hiyo usiseme "limeshachachuka". Limechachuka, halijachemshwa.

Na kabla hujanunua hata gunia moja, uliza sheria ya mahali ulipo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 767 ya mwaka 2009, umekataza kinyesi na mkojo kutumika kama chakula cha mifugo, hata kikitengenezwa vipi. Ukiwa huko, tope lako ni mbolea, basi. Kwingine hakuna neno lililoandikwa, kwingine mnunuzi wa ng'ombe ana masharti yake makali kuliko serikali. Muulize pia huyo anayekuja kumchukua maksai. Ni afadhali akukatalie leo kuliko siku ya mzani.

Kulikamua

Kosa langu la kwanza kwenye ile ndoo ya Kiburi lilikuwa maji. Nilichota tope kama lilivyo. Siku nyingine nililipima: nilikausha kilo moja juani kwenye bati, ikabaki gramu 60 na ushei. Yaani nilikuwa nimemkaribisha mgeni kwa sahani ya maji machafu.

Kosa la pili nililiona kwenye chupa. Nilikuwa nimechota chini kabisa ya tangi la kutokea kwa kudhani ndiko kuliko na uzito. Kuna uzito kweli: wa mchanga. Chukua kijiko cha tope lako, tia kwenye chupa ya kioo yenye maji, tikisa, iache dakika moja. Mchanga utakaa chini wazi kabisa, nyuzinyuzi zitaning'inia juu yake. Mchanga unasaga meno na kulala tumboni. Siku hizi nachota juu tu, kwa ndoo yenye mpini mrefu, nikiwa nje ya tangi. Wala usishuke ndani kulifuata la chini. Gesi ya salfidi hidrojeni imewamaliza watu kwenye matangi ya samadi, na mara nyingi amekufa na wa pili aliyeshuka kumwokoa.

Baada ya kuchota, kamua. Nina kitanda cha mbao chenye wavu wa chuma wenye matundu ya milimita mbili au tatu, kimeinama kidogo. Namimina juu, maji yanapita kwenda kwenye mfereji, kinachobaki nakikwangua na kukitia kwenye gunia la katani. Gunia la plastiki halifai, linaziba. Nalifunga mdomo, nalilaza juu ya wavu na kulikandamiza kwa jiwe usiku kucha. Asubuhi lina machicha. Naita machicha kwa kuwa ndivyo yalivyo: rangi ya kahawia iliyokolea, vipande vya nyuzinyuzi visivyozidi ukucha, na harufu ya udongo uliolowa. Kamata konzi, ikamue kwa nguvu. Maji yakidondoka, rudisha jiwe. Donge likishikana kisha likavunjika ukilisukuma kwa kidole gumba, yako tayari.

Usitarajie mlima. Kwangu, lita zaidi ya 100 za tope hunipa kama kilo 15 za machicha mabichi, ambazo kavu hazifiki kilo 4. Na zaidi ya nusu ya nitrojeni imeshuka na maji. Watu hushtuka nikiwaambia hivyo. Ndivyo ilivyo kama nazi: ukishatoa tui, usiililie ladha kwenye chicha. Maji yale yana kazi yake, nitayafikia.

Machicha hayangoji. Yakikaa siku mbili juani yanaota ukungu upande wa chini. Wako wanaoyakausha yakakauka kabisa na kuyasaga. Ni njia rahisi, lakini jua linaondoa amonia iliyobaki, na halifiki katikati ya donge kuua kilichomo. Nilijaribu msimu mmoja. Nilichopata kilikuwa vumbi la mbao lenye chumvi. Tangu hapo nayazika kwenye saileji, yaani malisho mabichi yaliyoshindiliwa yakachachuka pasipo hewa.

Pipa

Kosa la tatu la ile ndoo lilikuwa kulitoa tope moja kwa moja mtamboni mpaka horini. Asidi ya saileji inafanya kazi mbili: inawabana bakteria wengi wabaya kama salmonela, na inaifunga amonia isichome pua. Kiburi hakuwa na kiburi, alikuwa na pua.

Ila tope la biogesi linapigana na asidi. Linatoka mtamboni likiwa na pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imepanda) ya 7.5 hadi 8, na madini pamoja na amonia yake humeza asidi kabla haijashuka. Ukichanganya nusu kwa nusu na mabua makavu, hutapata saileji, utapata lundo la kuoza. Lazima liwe dogo ndani ya kitu chenye sukari nyingi. Kipimo changu kwa pipa la lita 200 ni hiki:

- kilo 30 za machicha yaliyokamuliwa
- kilo 90 za mahindi mabichi, mti mzima pamoja na magunzi yenye punje laini, yaliyokatwa vipande vya sentimita 2 au 3
- kilo 4 za molasi zilizozimuliwa kwa maji kiasi hichohicho

Tabaka la mahindi la kina cha kiganja, machicha nusu yake juu, molasi inyunyizwe, changanya kwa mikono, kanyaga. Kukanyaga ndiko kazi yenyewe. Mimi huingia ndani ya pipa kwa buti zilizooshwa na kuzunguka taratibu mpaka kisigino kisizame tena, kisha ndipo tabaka la pili. Pembeni mwa pipa ndiko hewa hujificha, kwa hiyo pembeni pigwe kwa ncha ya mpini. Likijaa, plastiki nzito juu, mchanga kwenye mfuko juu ya plastiki, kifuniko, kivulini. Andika tarehe kwa chaki ya mafuta. Chaki ya kawaida mvua ya kwanza inaifuta, na utabaki na mapipa 12 yasiyojua umri wao.

Siku 42. Najua saileji ya kawaida watu wanafungua baada ya wiki tatu. Hii ina kinyesi. Mara moja nilifungua siku ya 16 kwa sababu malisho yalikuwa yamekata, harufu ilikuwa nzuri, nikajidanganya. Siku ya tatu wawili wakaanza kuhara, kinyesi kijani chembamba kama uji. Nilimwita daktari wa mifugo, swali lake la kwanza likawa, "Umewalisha nini?" Nikatafuna maneno. Nilikuwa na haya kusema. Alipolijua alinituliza kuhusu ng'ombe na kunifokea kuhusu kuficha. Kwa hiyo mwambie daktari wako kabla hujaanza, asije akaliona pipa kwa bahati mbaya.

Ukifungua, tumia pua kwanza na karatasi ya pH baadaye. Harufu inayotakiwa ni ya uchachu safi, kama matunda yaliyoanza kuchacha. Ikikuchoma puani ni amonia. Ikinuka kama siagi iliyooza ni bakteria wa aina mbaya wameshinda. Zote mbili hizo tupa. Karatasi isome 4.5 au chini. Tabaka la juu lenye ukungu mweupe liondoe kina cha kiganja hata kama chini yake panapendeza. Ukikuta unyoya, mfupa, chochote kilichowahi kupumua, pipa zima limekwisha.

Horini

Kosa la nne: niliwapa wote sita, siku moja, kiasi kamili.

Hesabu yangu ni hii. Maksai wa kilo 300 anakula kwa siku kama kilo 7.5, uzito mkavu. Machicha yasizidi sehemu moja ya kumi ya hapo, yaani kilo 0.75 kavu, sawa na kilo 3 mbichi. Kwenye saileji ya kipimo changu hizo zimo ndani ya kilo 12. Kilo 12 hizo ni nusu ya mlo wake mkavu. Nusu nyingine ni hei, kilo moja na nusu ya pumba za mahindi, nusu kilo ya mashudu, na madini ya kulamba. Pumba na saileji vitolewe pamoja, si pumba asubuhi na saileji jioni. Nilishaeleza kwamba amonia haisubiri wanga.

Anza na kilo 1 siku ya kwanza, ongeza kilo 1 kila siku. Siku ya 12 umefika. Yeyote atakayepunguza kula au kulegea kinyesi, mrudishe nyuma siku tatu. Maji safi yawepo muda wote na yawe mbali na hori, kwa kuwa watachovya midomo yenye saileji.

Wasiopewa: ndama ambaye rumeni yake haijakomaa, ng'ombe mwenye mimba, ng'ombe wa maziwa, na mgonjwa yeyote. Maksai anayekaribia kuondoka namwachisha siku 30 kabla, hata kama sijatumia dawa zizini. Pipa likifunguliwa liishe ndani ya siku nne.

Nilipojifunza haya nilifanya jaribio langu la kienyeji. Mapipa 12 ukiyazungusha kwa siku 42 yanatosha maksai watatu, hayatoshi sita. Basi watatu wakala, watatu wakaendelea na mlo wao wa zamani wa saileji ya mahindi matupu, na kila Jumamosi asubuhi kabla hawajala niliwapima kifua kwa ule mkanda wa kukadiria uzito. Miezi mitatu. Waliokula machicha walibaki nyuma, si kwa kutisha: sentimita moja hapa, mbili pale, na mwisho wa yote niliwaongezea kama wiki mbili ili wafikie wenzao. Sikushangaa. Kitu chenye lignini nyingi kinachukua nafasi tumboni ambayo mahindi yangeikalia.

Kama ni hivyo, ya nini?

Nakupa hesabu moja ambayo ningependa mtu angenipa mimi. Machicha yangu yalipopimwa yalikuwa na protini ghafi asilimia 12 hivi. Kilo 0.75 kavu za maksai mmoja, kwa siku, zinampa nitrojeni kama gramu 14. Gramu 30 za urea ya mifugo zina nitrojeni hiyohiyo. Gramu 30 zinakaa kwenye kiganja. (Urea nayo si mchezo: ikitolewa ghafla, ikiganda madonge au ikiyeyuka kwenye maji ya kunywa inaua ndani ya saa chache. Ifanye na mtu anayeijua.) Kwa hiyo anayekuambia tope la biogesi litachukua nafasi ya mashudu hajabeba gunia lake hata siku moja.

Mimi nayatumia miezi ya kiangazi tu, malisho yanapokuwa machache na kila kilo kavu ina maana. Kila pipa linaniokolea kilo 7 na nusu za majani makavu ambayo ningeyatafuta mbali. Kwangu machicha ni kijazio. Nikisema "chakula" namaanisha saileji iliyoyabeba.

Miezi mingine yote tope lote linapita njia ndefu, na hiyo ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza. Yale maji yaliyoshuka kwenye mfereji, yenye nitrojeni nyingi kuliko machicha, yanaingia kwenye mistari ya majani ya tembo. Nayamimina kwenye udongo, si juu ya majani, mara baada ya kukata, kisha sikati tena mpaka wiki sita zipite. Majani yanaichukua ile amonia ambayo ng'ombe angeikojoa, yanaigeuza protini ya kweli, na yanaiongezea sukari kutoka juani bila kunidai molasi. Vimelea navyo vinabaki kwenye udongo badala ya mdomo wa ng'ombe. Maksai wangu wanaolishwa majani hayo wala hawajui kwamba wanakula tope.

Pipa nililolifungua juzi lilikuwa la tarehe ya mwisho kabla mvua hazijaanza. Kiburi siku hizi ni wa kwanza kusogea. Anasubiri nimalize kugawa, kisha anaingiza kichwa ndani ya pipa tupu na kulilamba chini kwenye molasi, akilitembeza zizini limemvaa usoni, mpaka nimvue.